Tupime Kwanza, Ndipo Tununue Batri



Pikipiki ya chama ikikataa kuwaka asubuhi, karibu kila mahali neno la kwanza ni lilelile: "Batri imekufa, mutoe makuta tununue ingine." Makuta yanatolewa. Batri mpya inatoka Lubumbashi, inafungwa, pikipiki inawaka, watu wanafurahi. Baada ya wiki tatu imezima tena. Safari hii inasemwa ni CDI. CDI inanunuliwa. Kisha regileta. Mwishowe pikipiki inaegemezwa ukutani ndani ya depo, karibu na magunia, na komite inaandika barua ya kumwomba mfadhili alete ingine mpya.

Maoni yangu ni haya: mara nyingi ile pikipiki haikuwa na ugonjwa wa batri, wala wa CDI. Ilikuwa na waya uliokatika ndani ya ngozi yake, au kiungo kilichoota kutu ya kijani, au masi isiyoshika vizuri kwenye chasi. Vitu hivyo vinatengenezwa kwa kisu, msasa na saa moja ya uvumilivu. Chama kinachonunua kabla ya kupima kinachoma akiba ya wanachama wake. Kwa hiyo naomba kila chama kiwe na vitu vitatu: taa ya kupimia, multimeta moja, na daftari la pikipiki. Na kiwe na wanachama wawili wanaojua kuvitumia.

Kwa nini jambo hili ni letu

Wengine watasema: hili ni gazeti la wakulima, habari za waya zinatoka wapi? Zinatoka barabarani. Kilwa iko kando ya ziwa Moero, katika teritwari ya Pweto, kilomita kama 350 kutoka Lubumbashi. Mvua zinapoanza Novemba hadi Aprili, barabara hiyo kila mtu anaijua. Kipuri kilichoagizwa mjini kinakuja siku lori litakapokuja. Wengine wanavuka ziwa kwenda Nchelenge, upande wa Zambia, na huko pia kuna nauli, kuna kubadilisha makuta, na kuna siku ambazo upepo hauruhusu mtumbwi kutoka.

Wakati huo wote pikipiki imesimama. Mbegu na mbolea hazijafika shambani kwa wakati, na mahindi yaliyopandwa kwa kuchelewa yanatuambia wenyewe wakati wa mavuno. Mahindi yaliyovunwa yanabebwa kichwani, au yanauzwa palepale kwa mnunuzi wa kwanza na kwa bei anayotaka yeye. Na usiku, mama mjamzito akishikwa na uchungu kijijini, pikipiki ya chama ndiyo inayotafutwa. Pikipiki isiyo na taa ya mbele usiku, penye mashimo na mbuzi waliolala barabarani, ni hatari kwa anayeendesha na kwa anayebebwa.

Ndiyo maana nasema huu ni mjadala wa mkutano mkuu. Tusimwachie fundi peke yake.

Umeme unakwenda na kurudi

Kabla ya kupima chochote, tuelewane juu ya jambo moja. Umeme wa pikipiki ni kama mtumbwi unaovuka kwenda Nchelenge: lazima urudi. Unatoka kwenye ncha ya kuongeza ya batri, unapita kwenye fyuzi (wengine wanasema fizibo), unapita kwenye swichi ya ufunguo, unafika kwenye taa au honi, kisha unarudi kwenye ncha ya kutoa ya batri kupitia masi, yaani chasi na waya za masi. Njia ya kurudi ikiharibika, taa haiwaki hata kama batri ni mpya kabisa. Watu wengi wanakagua njia ya kwenda tu. Njia ya kurudi wanaisahau, na ndiyo inayooza kwanza, kwa sababu imefungwa kwenye chuma kinachopata matope na kutu.

Jambo la pili: batri haijitengenezei umeme. Ndani ya mota kuna sumaku inayozunguka kando ya bobini. Hizo ndizo zinazotengeneza umeme. Regileta inaupima kiasi chake na kuupeleka kwenye batri. Basi, batri inayokufa kila mwezi inaweza kuwa haina kosa lolote. Ni kama ghala lisiloletewa mavuno.

Upimaji wa hatua kwa hatua

Taa ya kupimia unaitengeneza mwenyewe: balbu ndogo ya kona ya volti 12, na waya mbili. Waya mmoja unaufunga kwenye masi, mwingine unagusa pale unapotaka kujua kama umeme umefika. Ikiwaka, umefika. Isipowaka, umekatikia nyuma. Taa hiyo usiitumie kugusa waya za CDI. Kwa kazi hiyo tumia multimeta.

Hatua ya kwanza ni macho. Toa kiti, toa tanki ikibidi, fuata waya zote kwa mkono. Tafuta mahali ambapo waya umesuguliwa na chasi, mahali palipofungwa mpira wa mfuko, mahali penye rangi ya kijani. Pikipiki inayolazwa ndani ya depo la mahindi ichunguzwe zaidi: panya wanaofuata mahindi wanatafuna na waya. Pikipiki inayooshwa ziwani pia, kwa sababu maji yanaingia ndani ya viungo vya plastiki na yanabaki humo.

Hatua ya pili ni fyuzi. Itoe uitazame, na uipime, maana fyuzi inaweza kuonekana nzima na kumbe imekatika kwenye kofia yake. Ikiwa imeungua, weka nyingine ya ampea zilezile. Ikiungua tena papo hapo, usiweke ya tatu. Kuna waya mahali unaogusa chasi, utafute kwanza.

Hatua ya tatu ni batri, kwa multimeta. Batri ya volti 12 iliyojaa na iliyopumzika inaonyesha kama 12.6 au zaidi. Ikionyesha 12 au chini yake, haina kitu. Lakini kukosa chakula si kufa! Ichaji polepole. Batri ndogo ya pikipiki, ya ampea-saa 5 au 7, inataka karibu nusu ampea, na chaji kubwa ya gari inaichemsha na kuiua. Baada ya kuchaji, iache ipumzike saa chache, kisha ipime tena. Ikiwa imeshuka chini ya 12 bila kutumiwa, hapo sasa sema imekufa, na ununue bila majuto. Ile ya kuongezwa maji, iongeze maji ya batri peke yake. Maji ya ziwa na ya kisima yana madini yanayoiharibu.

Hatua ya nne, washa mota na upime palepale kwenye batri. Ukiongeza mafuta kidogo, namba ipande hadi kati ya 13.5 na 14.5. Isipopanda, umeme wa bobini haufiki: angalia kiungo cha bobini na cha regileta kabla ya kununua chochote. Ikipita 15, regileta ndiyo yenye kosa, na hata batri mpya utakayoweka itachemka kama ile ya kwanza.

Hatua ya tano ni masi. Shikilia breki ili taa ya nyuma iwake. Weka ncha moja ya multimeta kwenye waya wa masi wa ile taa, na nyingine kwenye ncha ya kutoa ya batri. Namba iwe karibu na sifuri. Ikipita nusu volti, umeme unapata shida kurudi. Fungua bolti ya masi, piga msasa mpaka chuma king'ae, paka grisi kidogo, kaza.

Hatua ya sita ni usukani. Washa taa, kisha geuza usukani kushoto na kulia polepole. Taa ikicheza, au mota ikizimika, waya umekatika pale shingoni, ndani ya ngozi yake. Kwenye pikipiki ya zamani hapo ndipo panapochoka kuliko pengine, kwa sababu waya zinakunjwa kila mara unapokata kona.

Cheche ikikosekana

Kama pikipiki haitoi cheche kabisa, kuna kipimo kimoja ambacho kinaweza kuokoa bei ya CDI. Kwenye pikipiki nyingi za zamani, CDI inalishwa na bobini ya mota, hailishwi na batri. Ukizima, swichi haikati umeme: inaupeleka ule waya wa kuzima kwenye masi. Kwa hiyo swichi ikiingia maji, au ule waya ukisuguliwa mpaka ukagusa chasi, pikipiki inakuwa "imezimwa" siku zote, hata ukipiga kiki mpaka mguu uume.

Fanya hivi. Toa buji, ivishe kofia yake, chuma chake kiguse mota, mbali na petroli na mbali na tundu la buji. Ishike kwa koleo yenye mpira, piga kiki, tazama. Hakuna cheche? Tenganisha ule waya wa kuzima kwenye kiungo cha CDI, kisha piga kiki tena. Cheche ikirudi, CDI ni nzima, na kosa liko kwenye swichi au waya wake. Kabla ya kuiwasha hivyo, jua utaizimaje: tia gia ya juu, kanyaga breki, achia klachi polepole. Na usiache waya huo umetenganishwa ndiyo iwe matengenezo. Pikipiki isiyozimika kwa ufunguo ni hatari, na ni zawadi kwa mwizi.

Cheche isiporudi, kabla ya kununua azima CDI ya pikipiki ya aina ileile kwa dakika 10. Jirani hatakataa dakika 10.

Mtego wa rangi

Sasa jambo ambalo limeunguza waya nyingi. Rangi za waya si moja kwa pikipiki zote. Kwenye Honda, na kwenye pikipiki nyingi za China zilizofuata mpango wa Honda, masi ni ya kijani, na waya mweusi ni wa umeme unaotoka kwenye swichi ya ufunguo. Kwenye Yamaha, masi ni nyeusi, na umeme wa ufunguo unapita kwenye waya wa kahawia. Kwenye Suzuki, masi ni nyeusi yenye mstari mweupe. Na kwenye Honda, nyeusi yenye mstari mweupe ni ule waya wa kuzima mota!

Mumeona hatari? Fundi aliyezoea Yamaha anaingia kwenye Honda, anachukua waya mweusi akidhani ni masi, anaufunga kwenye chasi. Fyuzi inaungua. Na kama fyuzi ilikwisha kuondolewa, ni waya zenyewe zinazoungua. Si kwamba fundi ni mjinga. Hakuna aliyemwambia, na hakupima. Ndiyo sababu kurasa za kwanza za daftari la pikipiki ziandikwe aina yake na rangi za waya zake, moja moja.

Mambo mawili tuyakatae

La kwanza ni kufunga karatasi ya sigara au waya wa shaba mahali pa fyuzi. Najua inafanywa, na najua sababu: mtu yuko njiani, usiku, fyuzi imeungua, hana nyingine. Lakini fyuzi imewekwa iungue yenyewe ili waya zisiungue. Ukiifunga, moto utatafuta pengine pa kutokea, na waya zinapita chini ya tanki la petroli. Fyuzi mbili za akiba, zikifungwa kwa mkanda ndani ya kifuniko cha batri, hazina uzito wowote.

La pili ni kuongeza vitu kila siku: chaji ya simu, redio, taa tatu za mbele, zote zimefungwa moja kwa moja kwenye batri, bila fyuzi na bila swichi. Bobini za pikipiki ya zamani zinatengeneza umeme kidogo, wa taa zake tu. Ukiongeza, batri inalala na njaa. Tena vingine vinakunywa hata usiku. Kupima ni rahisi: zima ufunguo, toa waya kwenye ncha ya kutoa ya batri, weka multimeta upande wa ampea kati ya waya huo na ile ncha. Pikipiki ya kawaida isiyo na kengele ya wizi ionyeshe sifuri au karibu na sifuri. Ikionyesha zaidi, kuna mwizi wa umeme. Tenganisha kimoja kimoja mpaka umpate. Multimeta ikiwa imefungwa hivyo, usiwashe ufunguo wala kupiga honi, utaiunguza.

Na viungo vya waya tuvifanye kama watu wanaotaka kudumu. Kuzungusha waya mbili kwa vidole na kufunga kipande cha mfuko ni dawa ya kufika nyumbani tu. Ukifika, ulehemu kwa risasi, kisha uvalishe mpira. Pasipo umeme, chuma cha kulehemia kinapashwa kwenye makaa, na kazi inatoka vizuri.

"Fundi wetu anajua"

Nasikia majibu matatu kila ninapolizungumza jambo hili.

La kwanza: "Fundi wetu anajua kazi yake." Vizuri sana, na tumheshimu. Lakini fundi anayelipwa kwa kufunga kipuri atafunga kipuri. Tumlipe kwa kutafuta ugonjwa, hata kama mwishowe alichofanya ni kukaza bolti moja. Tukikataa kulipa kwa sababu "hakuweka kitu", ni sisi tunaomfundisha kubadilisha batri nzima.

La pili: "Hatuna makuta ya multimeta." Chukueni bei ya multimeta ya kawaida sokoni, muiweke kando ya bei ya batri moja, CDI moja na regileta moja, pamoja na usafiri kutoka Lubumbashi. Hesabu hiyo ifanyeni ninyi wenyewe, mbele ya mweka hazina. Mimi sina wasiwasi na jibu lake.

La tatu: "Pikipiki hizi ni za zamani, tuombe mpya." Hapa sikubaliani kabisa, hata nikijua gazeti hili linatoka kwa watu wanaotoa misaada. Pikipiki mpya ina waya nyingi zaidi. Italazwa ndani ya depo lilelile lenye panya, itaoshwa ziwa lilelile, itapita matope yaleyale. Chama kisichojua kutunza ya zamani kitakuwa na mbili zilizoegemezwa ukutani. Na mfadhili akija, ataona nini? Heri aone pikipiki ya miaka mingi inayofanya kazi, na daftari linaloeleza namna gani.

Ninachoomba mkutano ujao

Naomba mkutano mkuu unaokuja wa kila chama ujadili mambo haya manne na kuyapigia kura.

Moja, kununua multimeta na pakiti ya fyuzi, viandikwe kama mali ya chama, na ijulikane vinakaa kwa nani.

Mbili, kuchagua wanachama wawili wa kufundishwa, na mmoja wao awe mwanamke. Kazi hii haitaki nguvu, inataka subira na macho. Na mama anayeuza mahindi ndiye anayepoteza zaidi pikipiki ikilala.

Tatu, kufungua daftari la pikipiki: tarehe, ugonjwa, kipimo kilichosomwa, kilichofanywa, makuta yaliyotoka. Bila kipimo kuandikwa, mweka hazina asitoe makuta ya batri, CDI wala regileta. Sheria hii peke yake itaokoa mengi.

Nne, gharama ya mafunzo itafutiwe mahali pake kwenye hesabu za chama. Sheria ya OHADA juu ya vyama vya ushirika, iliyopitishwa mwaka 2010 na inayotuhusu tangu Kongo iingie OHADA mwaka 2012, inataka chama kiweke akiba ya mafunzo na elimu ya ushirika. Komite ziulize washauri wao kama sehemu ya akiba hiyo inaweza kusaidia hapa. Ikishindikana, mchango mdogo wa kila mwanachama baada ya mavuno utatosha.

Mvua hazitungoji. Pikipiki zilizolala zitolewe nje kabla ya Novemba, zifunguliwe kiti, zipimwe moja baada ya nyingine, mbele ya wanachama wanaotaka kuona. Nina hakika baadhi yake zitawaka siku hiyohiyo, kwa msasa na fyuzi mpya. Zitakazobaki, angalau tutajua zinaumwa nini, na makuta ya chama yatakwenda mahali pake.